Mtu wa Kuja Hatoki

Mliokuwa nami wiki jana mnajua niliachwa wapi. Nilikuwa nimesimama katikati ya ua, kaftani ya Kimoroko imeniganda mwilini kwa chai ya nanaa, wageni wanne wa kutoka Arusha wamenikodolea macho, na Badr ananinyooshea kidole kuelekea mlangoni.

Kwa ambaye ndio kwanza anafungua gazeti, nitakueleza kwa kifupi, maana leo nina haraka ya kugombana.

Jina langu Anastazia. Mzaliwa wa Maramba, mjukuu wa manamba aliyeletwa kukata mkonge akasahau njia ya kurudi kwao. Mume wangu Castory alinikimbia akaenda kuoa huko Moa, akaniacha na sufuria mbili na hasira. Nikaja Pangani. Bi Muzna, mjane mtu mzima mwenye asili ya Oman, macho yake yameshaingia ukungu, akanipa chumba cha mbele cha nyumba yake kongwe, mtaa wa zamani, nyuma ya msikiti. Miaka minne nimempikia, nimemkanda miguu, nimemsomea majina ya dawa zake. Hajapata kuniita mpangaji wala mtumishi. Ananiita Nasta.

Kisha akaja Badr, mtoto wa kaka wa marehemu mumewe. Huyu alikwenda Marakeshi akalala siku tatu kwenye nyumba ya wageni ya huko, wanaita riadi, akarudi kichwa kimegeuka. Akasema nyumba ya Mama Mkubwa, ndivyo anavyomwita Bi Muzna, ina ua katikati, ina kuta nene, madirisha yanatazama ndani, basi hiyo ni riadi ile ile, imebakia vigae na chemchemi tu. Mchora mabango wa sokoni alipoandikiwa neno "riadi" akadhani wamekosea, akalirekebisha kwa hisani yake. Bango likasimama: RIADHA YA PANGANI. Wiki nzima watu wanakuja na raba miguuni kuuliza mazoezi yanaanza saa ngapi.

Mimi akanivisha kaftani yenye vifungo kuanzia shingoni mpaka miguuni, akawaambia wageni naitwa Anisa, mpishi kutoka Marakeshi. Nilivumilia mwezi mzima. Namimina chai ya nanaa kutoka juu, birika usawa wa sikio, natabasamu kama sina meno mabovu. Mpaka wiki jana, mama mmoja wa Arusha aliponiuliza, "Dada Anisa, kwenu Marakeshi kuna baridi?"

Nikamjibu, "Mama, mimi si wa Marakeshi, mimi wa Maramba, na kwetu kuna muhogo."

Hapo ndipo birika lilipomwagika. Na hapo ndipo Badr aliponiambia maneno ambayo mpaka leo yananiwasha.

"Wewe mtu wa kuja tu. Kesho adhuhuri nisikukute humu."

Haya. Kesho yenyewe ikafika.

Sikufunga mzigo. Hilo nataka mlijue mapema. Niliamka, nikafagia chumba changu, nikatandika kitanda, nikakitandua, nikakitandika upya vizuri zaidi. Kaftani niliikunja nikaitupa juu ya kiti cha Badr. Nikavaa gauni langu na kanga yangu kiunoni. Ndio nikasikia nyundo.

Ko! Ko! Ko!

Mlango wa mbele. Natoka, namkuta Methusela, fundi seremala wa Pongwe, amechomeka patasi kwenye ukuta anachokoa chokaa kuzunguka miimo. Gari la kubebea mizigo limeegeshwa nje, nyuma wametandika magodoro mabovu.

"Habari za asubuhi, dada," akasema.

"Si nzuri. Unafanya nini na mlango wetu?"

"Nimeambiwa niung'oe. Mbao zake, miimo yake, na kizingiti chake cha juu. Kuna mtu Dar anausubiri."

"Na hapa tutalala wazi?"

"Unakuja mwingine. Wa tao, mfano wa tundu la kufuli. Ndio wa Kimoroko, anasema bosi."

Huo mlango, msomaji wangu, ni wa mvule. Umechongwa maua na minyororo, na juu kwenye kizingiti pana maandishi ya Kiarabu. Sehemu kubwa ilikuwa imefunikwa na rangi ya mafuta ya kijani, tabaka juu ya tabaka. Kilichokuwa kinaonekana ni Bismillahi peke yake, pale mwanzo. Mtaa mzima unajua ni aya. Watu wakipita wanagusa mwimo, wanagusa kifua, wanakwenda zao. Hata mimi Mkatoliki nilizoea kugusa.

Juu ya ngazi ya kupandwa pande mbili, usawa wa maandishi, alikuwa Idrisi na tambara lake. Idrisi ni Mmoroko wa kweli, fundi wa vigae kutoka Fesi. Badr alimleta kupamba chemchemi, akamzidishia na kazi nyingine. Leo alikuwa anaondoa ile rangi ya kijani kwa dawa, ili mnunuzi auone mti mtupu. Ana miezi miwili Pangani na Kiswahili cha kuokoteza. Mtu mpole. Kosa lake moja ni kwamba tangu siku ya kwanza ananiita "lala".

"Sabahi heri, lala," akaniamkia kutoka juu.

Mwanzoni nilimjia juu. Nikamwambia sijachoka, na hata nikichoka nitalala kwa wakati wangu. Baadaye Badr akanifafanulia huku anacheka kwamba kwao "lalla" ndio "bibi", ni neno la heshima. Basi nikamwachia. Maisha yangu yote sijapata mwanamume wa kuniheshimu hata kwa kukosea.

"Idrisi," nikamwambia, "hivi unajua unaosha mlango wa wizi?"

"Mimi osha tu," akasema, masikini, na macho akayashusha.

Badr akatokea, ananukia mawaridi. Akatazama saa ya mkononi.

"Anastazia, saa ngapi saa hizi?"

"Saa nne. Adhuhuri bado."

"Chumba hicho kinakuwa mapokezi. Meza nimeshanunua."

"Na mimi nakuwa wapi?"

"Una kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Si Maramba? Jana ulitangaza mwenyewe mbele za wageni."

Methusela akainama kutafuta msumari ambao haukuanguka. Nikamwona mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nikapandwa na hasira.

"Badr," nikasema, "mimi nikiondoka, dawa za Bi Muzna utampa wewe? Unajua hata ipi ya asubuhi?"

"Nitaajiri nesi."

"Nesi wa Marakeshi?"

"Usinichezee!"

"Nikuchezee wewe, kwani wewe bao?"

Kelele zikamtoa Bi Muzna ndani. Alikuja anapapasa ukuta kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake. Nikakimbia kumshika.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnagombana mapema namna hii? Na huyo mtu bado anagonga? Badr ameniambia mlango unakwenda kutengenezwa, umeingia mchwa."

Nikamtazama Badr. Badr akanitazama. Methusela naye, fundi wa watu, akashindwa kunyamaza.

"Mchwa?" akasema. "Mvule huu? Mama, mchwa akiuma hapa anang'oka meno."

"Fanya kazi yako!" Badr akamkemea.

"Bi," nikasema, "mlango unauzwa. Unakwenda Dar, haurudi. Na mimi natolewa leo adhuhuri."

Bi Muzna akapapasa ukuta akitafuta pa kukaa. Nilimketisha kwenye baraza ya ndani ya mlango, pale anapokaa kila siku kusikiliza mtaa. Badr akapiga goti mbele yake, akambembeleza zaidi ya saa nzima. Mama Mkubwa, kila kitu ni kwa ajili yako. Mama Mkubwa, wageni wakija utakula kivulini. Mama Mkubwa, nyumba ni yako, jina ni lako, mimi mtumishi wako. Ulimi wa Badr una asali, hilo simnyimi.

Na Bi Muzna akalegea. Nilimwona kwa macho yangu. Mtu asiyeona akiambiwa maneno matamu kwa sauti ya marehemu mumewe, maana Badr amerithi ile sauti, atafanya nini? Akashusha pumzi.

"Haya," akasema. "Kama umekwisha kuuza, umeuza. Lakini Nasta asitoke leo. Mpe wiki."

"Wiki sitaki," nikasema.

"Nasta!"

"Sitaki wiki, Bi. Miaka minne sikukaa kwa wiki."

Akanikazia uso upande niliposimama. Kisha akageuka akaelekeza uso juu, kwenye kizingiti ambacho hajakiona mwaka wa sita sasa.

"Basi jambo moja," akasema. "Yuko huyo Mmoroko?"

"Nipo, lala," Idrisi akaitika.

"Nisomee aya ya mlango wangu kabla haijaondoka. Niliingia chini yake bibi harusi, nimejifunika gubigubi, sikuiona. Nilipoanza kutoka tayari wameipaka rangi. Sijapata kuijua ni aya gani."

Badr akasema hakuna muda, dereva anangoja. Bi Muzna akamwambia dereva asubiri. Alisema kwa sauti ya chini, na Badr akampungia dereva mkono angoje.

Idrisi akafuta mikono kwenye suruali. Akasoma Bismillahi kwa sauti nzuri mpaka Methusela akavua kofia. Kisha akapeleka kidole kwenye mstari wa pili, ule uliotoka chini ya rangi asubuhi ile ile. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hii si aya." Akasogeza uso karibu. "Hii si Kiarabu."

"Ni Kiarabu, isome," Badr akasema.

"Herufi Kiarabu. Maneno, hapana. Maneno sijui."

"Basi aliyechonga alikosea. Shuka, tuendelee."

"Msomee hivyo hivyo," Bi Muzna akasema. "Herufi kwa herufi."

Idrisi akaanza, kama mtoto wa chuoni anayeogopa fimbo.

"Nyu... ba. Nyuba. Hii. Wakfu." Akageuka, uso umemchangamka. "Wakfu! Hii Kiarabu, najua. Zingine hapana. Wa... mu... ghini. Asiyi. Na. Ba. Ku..." Akasimama, akacheka, akaninyooshea kidole. "Lala! Wewe hii! Imeandika lalla!"

Methusela akacheka. Badr naye akacheka, kwa kutoa moyo wasiwasi. Hata dereva kule nje akacheka bila kujua kinachochekwa.

Mimi sikucheka. Neno moja lilikuwa limenishika sikio.

"Idrisi, rudia. Usiseme lala peke yake. Na kile cha mbele."

"Ku. Lala."

"Yote. Kwa mfululizo, usikatekate."

Akavuta pumzi. "Nyuba hii wakfu wa mughini asiyi na ba kulala."

Nywele zikanisimama.

"Mama yangu mzazi!" nikapiga ukelele. "Mbona Kiswahili hicho! Nyumba hii, wakfu wa mgeni asiye na pa kulala!"

Tukasikia hata chemchemi ya Badr inavyovuja kule uani.

Kisha Bi Muzna akapiga paja lake kwa kiganja. "Lahaula! Ndivyo tulivyokuwa tukiandika zamani. Barua za baba yangu zote zilikuwa hivyo, herufi za Kiarabu, maneno ya kwetu. Pe hakuna, unaweka be. Nyumba unaandika nyuba, anayesoma anajaza mwenyewe. Ya Rabbi! Watu wote hawa wamepita hapa, masheikh, walimu wa vyuo, wanagusa wanapita, wanadhani ni aya!"

"Wakfu ndio nini?" Methusela akauliza. "Mimi Mlutheri, mniwie radhi."

"Ni mali aliyopewa Mungu," Bi Muzna akamjibu. "Mtu anaitoa kwa kazi ya heri, anasema ni ya nini na ni ya nani. Toka siku hiyo haiuzwi wala hairithiwi."

Methusela akaitazama patasi yake. Akaifuta, akairudisha ndani ya sanduku.

"Wewe!" Badr akamkaripia.

"Kaka, mimi hata sadaka ya kanisani siigusi. Ya kwenu ndio niiguse?"

Hapo mimi nilishaingia chumbani. Nikabeba godoro langu kichwani, nikalitupa pale pale mlangoni, nusu ndani nusu nje, nikakaa juu yake miguu nimenyoosha. Dereva wa gari akapiga honi kwa kushangilia.

"Soma mbele, Idrisi," nikasema. "Mgeni asiye na pa kulala ameketi, anasikiliza."

Na mnielewe vizuri. Miaka minne Pangani nimegombana na kila aliyeniita mgeni. Nimemwagiana maji na mwanamke mmoja bombani kwa neno hilo hilo. Mimi si mgeni, nikisema, mimi mwenyeji, ninajua hata paka wa nani anamwibia nani. Leo neno lile lile nimelikumbatia kwa mikono miwili, na atakayetaka kuniita mwenyeji atanikosea.

Idrisi akasoma. "Isiuzwi. Isirithiwi. Na aliyikuja asituliwi."

"Isiuzwe, isirithiwe," nikatafsiri kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini, "na aliyekuja asitolewe! Badr! Asitolewe!"

Nilidhani nimemmaliza. Nilikuwa mjinga. Badr alikuwa anatabasamu.

Akaenda polepole akaketi karibu na Bi Muzna barazani, akamshika mkono.

"Mama Mkubwa," akasema kwa ile sauti, "umesikia anachosema Anastazia wako?"

"Nimesikia."

"Isirithiwe. Kama ni kweli, basi ami yangu hakurithi kitu. Na wewe hakukuachia kitu. Miaka yote hii unaambiwa kwako, kumbe si kwako. Huyu unayemlea anakwambia huna nyumba. Anataka uwe mgeni kama yeye."

Kicheko kikanikauka. Wallahi sikuwa nimefika huko, na naapa kwa Mungu wake na wangu. Nilikuwa nimeona kitanda changu tu. Sikuona kwamba kwa kujipatia mimi chumba kimoja nimemnyang'anya Bi Muzna nyumba nzima, mbele ya seremala na dereva.

"Nasta," Bi Muzna akaita. "Ndivyo?"

Ningeweza kusema sivyo. Ningeweza kusema Idrisi amesoma vibaya, si hata yeye alisema hajui. Badr alikuwa ananiangalia, ananingoja nifanye hivyo, maana nikifanya hivyo, mlango unakwenda Dar na mimi nakwenda Maramba.

"Ndivyo, Bi," nikasema. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. "Nisamehe. Ndivyo ilivyoandikwa."

Bi Muzna akainua uso kuelekea kizingitini. Badr akampapasa kiganja.

"Tumwambie Methusela aendelee, eeh? Tuyamalize kifamilia."

"Badr," Bi Muzna akasema.

"Labeka, Mama Mkubwa."

"Mlango umeingia mchwa?"

"Tuyaache hayo..."

"Nakuuliza. Umeingia mchwa, haukuingia?"

"Haukuingia."

"Basi umenidanganya ndani ya nyumba ya Mungu, na huyu ameniambia kweli inayomuumiza hata yeye." Akautoa mkono wake. "Sasa nikwambie. Mimi nilikuja hapa na sanduku moja la nguo. Nimevuka maji kutoka Unguja, baba yangu amekufa, mama yangu amekufa, ndugu wametawanyika. Usiku ule kama ami yako asingenioa sikuwa na pa kulala. Unaniogopesha na ugeni? Niandikeni mimi wa kwanza! Nasta, nisogezee hilo godoro."

Nikasogea. Akashuka barazani akaketi pembeni yangu kwenye godoro langu la sufi, bibi wa miaka themanini na moja, kanzu yake nyeupe, marashi yake, akanyoosha miguu kama mimi.

"Na mimi sitoki," akasema.

Nililia, nisiwafiche. Nililia huku natukana.

Badr akasimama. Uso ulikuwa umembadilika, ile asali imekwisha.

"Upuuzi! Wakfu gani hauna mwenyewe? Nani ameuweka? Kama hakuna jina ni maneno ya fundi tu. Nyumba hii amejenga babu yangu mzaa babu, ametoka Oman na mali yake, kila mtu Pangani anajua. Yeye hakuweka wakfu!"

"Jina ipo," Idrisi akasema kutoka juu.

Wote tukatazama juu.

"Mwisho. Chini ya rangi. Naona mkia wa herufi." Bila kungoja amri ya mtu akachovya tambara kwenye dawa, akasugua. Rangi ya kijani ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Mimi... Buni."

Badr akaangua kicheko. "Buni! Kahawa! Nyumba imewekwa wakfu na kahawa! Mnaona sasa?"

Lakini Bi Muzna alikuwa amenishika mkono, ananifinya.

"Si buni," akasema. "Zamani hawaandiki o, wanaweka u. Mboni. Hiyo ni Mboni." Akazidi kunifinya. "Mama mkwe wangu, kila Idd, kabla hajampa mtu mkono, akinyunyiza marashi kwenye kizingiti hicho cha chini. Nikimuuliza, anasema, hii ya Mboni. Mboni ni nani, mama? Akisema, kijakazi wa nyumba, wa zamani, katoka bara huko, usimsahau. Nami nikanyunyiza miaka yote mpaka macho yaliponizima. Kumbe tukimnyunyizia mwenye nyumba, nasi tunamwita kijakazi!"

"Uongo wa wanawake," Badr akasema. Lakini hakucheka tena.

"Idrisi," nikasema, "Mboni nani? Binti nani?"

Idrisi akasugua. Akasoma kimoyomoyo, midomo tu. Akaanza upya.

"Binti hapana. Hakuna jina baba. Imeandika..." Akashuka kipago kimoja, akapanda tena, akahakikisha. "Mimi Mboni. Mutu. Wa. Kuja."

Hakuna aliyehitaji mfasiri.

Nikamtazama Badr. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile alikuwa ananiangalia mimi, si Anisa, si mpishi. Alijua kwamba najua. Jina lile alilonitupia usoni mbele ya wageni wanne kama maji machafu lilikuwa limechongwa juu ya kichwa chake mwenyewe, kwa mvule, na alikuwa analipita kila siku kwenda kununua mawaridi.

"Mshusheni huyo," akasema.

Idrisi akashuka mwenyewe. Badr hakumgusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la Methusela, akachukua nyundo, akachukua patasi, ile pana.

"Kaka, weka," Methusela akasema.

"Mtu akisoma jina ndio kuna wakfu. Jina lisiposomeka hakuna wakfu. Tuone nani atasoma."

"Anafanya nini?" Bi Muzna akauliza. "Nasta, anafanya nini huyo?"

Nilikuwa nimeshanyanyuka. Nina mwili, hamjapata kuniona lakini niaminini, na ngazi ile ilikuwa ya Idrisi ambaye ni mtu mwembamba. Ililia chini yangu kila kipago. Nilifika juu kabla yake. Nikaweka kiganja changu cha kulia juu ya jina la Mboni, vidole vyote vitano nimevitandaza, rangi bado mbichi ikanipenya kwenye kucha.

Badr akapanda upande wa pili. Tukawa uso kwa uso, tumetenganishwa na vipago viwili vya ngazi. Akaweka ncha ya patasi kwenye mti, pale kidole changu kidogo kilipoishia.

"Ondoa mkono."

"Siondoi."

"Anastazia, nitapiga."

"Piga. Ila uujue unaupiga mkono gani. Huu umekata mkonge, umekufulia, umemlisha mama yako mkubwa. Na ni wa kuja, kama huyo aliye chini yake."

Akainua nyundo. Nilikiona kivuli chake kikipanda ukutani. Chini Bi Muzna alikuwa anaita jina langu, Methusela ameshika miguu ya ngazi, Idrisi anasema kwa lugha yao maneno ambayo sikuyajua.

Ndipo spika ya msikitini ikakoroma, na mwadhini akaanza. Allahu Akbar.

Badr akaganda, nyundo juu.

"Umesikia?" nikamwambia. "Adhuhuri hiyo, Badr. Na mimi nimo humu."